Kuwafundisha vijana wetu kupima habari za kwenye simu

Siku hizi kijana wa miaka 14 au 15 hupata habari za vita, za magonjwa na za siasa kabla ya mchungaji wake, na mara nyingi kabla ya wazazi wake. Gazeti halimfikii, na redio si ya kwanza tena. Habari zinamfikia kwa simu: ujumbe wa sauti katika kundi la darasa, video fupi ya TikTok, picha ya maiti barabarani, barua yenye muhuri ambayo hakuna anayejua nani aliiandika. Asiye na simu huonyeshwa na mwenzake wakiwa njiani kutoka shuleni.

Wengi wetu tumejibu jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumnyang'anya kijana simu. Ya pili ni kumwambia kwamba mambo ya intaneti yote ni uongo. Tunaelewa hofu iliyo nyuma ya majibu hayo, lakini hayatoshi. Simu iliyonyang'anywa leo itarudi kesho. Na kijana aliyefundishwa kwamba kila kitu ni uongo hatakuwa na akili zaidi ya wengine. Atakuwa mtu asiyeamini hata anapoambiwa jambo la kumwokoa. Makala hii inaeleza njia ya tatu, ambayo kila parokia inaweza kuianza bila pesa nyingi: kumzoeza kijana kupima habari.

Ebola ilitufundisha nini

Wako wanaodhani kwamba habari za uongo ni tatizo la nchi za mbali zenye intaneti nyingi. Sisi wa mashariki tumekwisha kulipia tatizo hilo kwa maisha ya watu.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ulienea Mangina, Beni, Butembo na Katwa, ukaingia pia Ituri. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Lakini familia nyingi ziliwaficha wagonjwa, nyingine zikazika usiku, nyingine zikakimbia timu za chanjo.

Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo wanafikiri nini juu ya ugonjwa huo. Zaidi ya mmoja kati ya wanne alisema kwamba Ebola haipo. Watafiti waliona pia kwamba wale wasioziamini mamlaka, na walioshika uvumi, ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo au kwenda hospitali. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo.

Tusiwahukumu haraka watu wa Beni na Butembo. Hawakuwa wajinga. Tangu mwaka 2014 walikuwa wakizika watu waliochinjwa mashambani na vijijini, na waliona msaada ukichelewa. Kisha ugonjwa ukaja, na kwa ghafula magari na pesa vikaonekana. Mwezi wa Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Aliyekuwa akisema "Ebola ni siasa" alipata mahali pa kutundikia maneno yake.

Hapa kuna somo la kwanza la kuwapa vijana. Uvumi wenye nguvu hauanzi na uongo mtupu. Unachukua uchungu wa kweli na kuufungia maelezo yasiyo ya kweli. Ndiyo maana hatuwezi kuushinda kwa kuwacheka wanaouamini.

Somo la pili ni kwamba kukataa kila kitu si akili. Mtu aliyekataa habari za chanjo kwa sababu "wanatudanganya siku zote" alijiona mwerevu, asiyedanganyika. Lakini mtu huyohuyo alipokea bila swali ujumbe wa sauti wa mtu asiyemjua. Alikuwa na mashaka upande mmoja tu. Anayepima huuliza maswali yaleyale kwa pande zote: kwa serikali, kwa wenye silaha, kwa waganga wa hospitali, kwa mashirika, kwa rafiki yake, na hata kwa habari anayotamani iwe kweli.

Kwa nini uongo hukimbia

Wazee wetu waliijua radio trottoir, habari za barabarani zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo uvumi si kitu kipya. Kilichobadilika ni mwendo wake. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu kutoka soko hadi soko. Leo unatoka Uvira hadi Bunia kabla sufuria haijachemka.

Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizopita kwenye Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena kwa asilimia 70 zaidi ya habari ya kweli. Walichunguza kama kazi hiyo ilifanywa na programu za kompyuta, wakakuta kwamba ni watu wenyewe. Habari za uongo zilionekana mpya, na majibu ya wasomaji yalijaa mshangao, hofu na chukizo.

Kijana akielewa jambo hili, ameshika ufunguo mkubwa. Habari inapompiga moyoni, inapomtia hasira au hofu mara moja, hapo ndipo anapaswa kusimama. Hatusemi kwamba kila habari ya kutisha ni ya uongo; katika nchi yetu habari nyingi za kutisha ni za kweli. Tunasema tu kwamba moyo ulioshtuka ni mwepesi kutuma na mzito kuuliza.

WhatsApp yenyewe inatoa alama ndogo ambayo vijana wengi wanaiona bila kuijua maana. Mshale mmoja juu ya ujumbe unaonyesha kwamba aliyekutumia hakuuandika. Ameupokea kwa mwingine. Mishale miwili inaonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mitano au zaidi tangu ulipotoka kwa mtu wa kwanza. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa kwa makundi mengi kwa mara moja. Unakwenda kwa kundi moja moja. Mishale miwili haimaanishi uongo. Inamaanisha kwamba aliyekutumia hawezi kujibu kwa ajili ya maneno hayo.

Finehasi na wakuu kumi

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 22, kuna tukio linalofaa sana kufundishia vijana. Makabila ya Rubeni, Gadi na nusu ya Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Habari ikawafikia ndugu zao. Waisraeli wengine wakakusanyika Shilo, tayari kwenda kupigana nao, kwa sababu walifikiri kwamba ndugu hao wameacha ibada ya Mungu.

Tazameni vizuri: habari ilikuwa ya kweli. Madhabahu ilikuwepo. Kama ingekuwa leo, picha yake ingepigwa na kutumwa, na hakuna ambaye angeweza kusema picha ni ya uongo. Kosa lilikuwa katika maelezo yaliyoambatana nayo. Kabla ya vita, walimtuma kuhani Finehasi pamoja na wakuu kumi kwenda kuuliza. Walisema mashitaka yao waziwazi, kisha wakasikiliza jibu. Wakaambiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya kutolea sadaka. Ilikuwa ushuhuda kwa watoto wao, ili siku moja wasiambiwe kwamba Yordani umewatenga na ndugu zao. Vita havikupiganwa.

Sehemu kubwa ya habari za uongo tunazopokea ziko hivyo. Picha ni ya kweli, lakini ni ya mwaka mwingine. Video ni ya kweli, lakini ni ya nchi nyingine. Maneno yalisemwa kweli, lakini yamekatwa katikati. Kwa hiyo haitoshi kijana kuuliza, "Je, picha hii ni ya kweli?" Aulize pia, "Je, picha hii inaonyesha kile ninachoambiwa?"

Maswali manne

Maswali haya ni mafupi kwa makusudi, ili kijana ayashike kichwani.

1. Nani anasema, na amejuaje? Kijana azoee kutofautisha watu watatu: aliyeona, aliyesikia kwa aliyeona, na aliyesikia tu. Tukumbuke mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Mtu wa Buhene aliyeona lava karibu na nyumba yake alikuwa shahidi wa kile alichokiona. Lakini kuhusu mlima utafanya nini kesho, wa kusikilizwa walikuwa wachunguzi wa volkano wa Goma, wenye vipimo vya matetemeko na vya gesi. Tarehe 27 Mei serikali ya jimbo ilipoagiza mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, kila familia ilihitaji kujua agizo hilo limetoka kwa nani na linataja mitaa gani. Ujumbe unaoanza na "rafiki yangu anayefanya kazi huko juu ameniambia" haujataja mtu yeyote.

2. Lini, na wapi? Ujumbe wa sauti unaosema "jana usiku" unaweza kuwa na miaka mitatu. Tuchukue mfano wa mazungumzo ya amani. Mtu akiandika "wamesaini, vita vimekwisha," kijana aulize: nani wamesaini, wapi, tarehe gani? Tarehe 27 Juni 2025 serikali ya Kongo na serikali ya Rwanda zilitia sahihi mapatano huko Washington. Tarehe 19 Julai 2025 serikali ya Kongo na AFC/M23 walitia sahihi tamko la kanuni huko Doha. Hayo ni maandishi mawili, ya watu tofauti, yenye mambo tofauti. Anayeyachanganya anaweza kumwambia mkimbizi kwamba barabara ya kurudi kijijini ni salama, na mkimbizi akabeba watoto wake akarudi.

Kwa picha, kijana atazame vibao vya maduka, namba za magari, lugha inayosikika, nguo za askari, hali ya hewa. Mwenye mega kidogo anaweza kutumia Google Lens, ambayo hutafuta mahali pengine picha hiyo ilipowahi kuonekana. Kwa video, asimamishe mahali panapoonekana vizuri, apige picha ya skrini, kisha aitafute kwa njia hiyohiyo.

3. Nani mwingine anasema? Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliwapa kazi moja watu wa namna tatu: wanahistoria, wanafunzi wa chuo, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa uleule, wakisoma na kutazama nembo nzuri, na wengi wao walidanganyika. Wahakiki walitoka kwenye ukurasa upesi, wakaenda kuona wengine wanasema nini juu ya wenye ukurasa huo. Nembo inaweza kuibwa, na muhuri unaweza kuchorwa. Siku hizi hata sauti na sura ya mtu vinaweza kutengenezwa kwa akili bandia, hata macho na masikio yetu hayatoshi. Kinachobaki ni kutafuta ushahidi mwingine nje ya ujumbe wenyewe.

Kwetu, kutoka kwenye ukurasa kunaweza kuwa kusikiliza Radio Okapi, inayotangaza tangu mwaka 2002 kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Kunaweza kuwa kutazama Congo Check, kundi la waandishi wa habari Wakongomani wanaohakiki uvumi tangu mwaka 2018. Kunaweza kuwa kumpigia simu shangazi anayeishi mtaa unaotajwa. Hakuna chombo kisichokosea, ndiyo maana tunatafuta zaidi ya kimoja. Lakini kijana ajue kuhesabu mashahidi. Sauti ileile katika makundi matano ni shahidi mmoja, si watano. Biblia inapodai mashahidi wawili au watatu, inadai watu walioona kila mmoja kwa nafsi yake.

4. Ujumbe huu unataka nifanye nini? Kila ujumbe unaomba kitu. Mwingine unaomba tu kujulikana. Mwingine unasema "tuma kwa watu kumi upate mega za bure". Huo unatafuta namba za simu na pesa. Mwingine unataka uchukie. Vijana waelezwe namna ujumbe wa chuki unavyojengwa: unaanza na tendo la mtu mmoja au kundi moja la wenye silaha, kisha katikati neno linabadilika, na mwishoni ni "hawa watu wote," kabila zima pamoja na watoto na mabibi. Kijana ajifunze kuiona hatua hiyo, pale "fulani" anapogeuka kuwa "wote". Hata kama tendo la kwanza lilitokea kweli, ujumbe unaoshitaki kabila zima hautumwi mbele.

Somo kwa vijana kumi na simu moja

Walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vijana wanatuambia kwamba hawana vyombo. Kwa somo hili chaki inatosha, na simu moja ikipatikana ni vizuri. Haya ni mazoezi manne. Kila moja linachukua kama nusu saa, kwa mfano baada ya mazoezi ya kwaya.

Zoezi la kwanza ni kunong'onezana. Mwalimu amnong'oneze kijana wa kwanza sentensi moja yenye mahali, saa na hesabu: "Jumatatu saa mbili asubuhi, lori mbili zilipita darajani zikiwa na magunia 40 ya maharagwe." Sentensi ipite masikio kumi. Wa mwisho aiseme kwa sauti. Kisha waandike ubaoni nini kimepotea na nini kimeongezwa. Vijana watacheka, lakini waulizwe: kama tumebadilisha habari ya maharagwe bila mtu yeyote kutaka kudanganya, habari ya vita inabadilika kiasi gani?

Zoezi la pili ni vikapu vitatu. Andikeni ubaoni: "Imehakikishwa kuwa kweli", "Imehakikishwa kuwa uongo", "Bado hatujui". Kila kijana alete ujumbe mmoja aliopokea katika juma. Kundi liuweke kwenye kikapu kimoja, na kila mara mtu aseme sababu. Siku za kwanza vijana hukimbilia vikapu viwili vya mwanzo. Mwalimu awasaidie kuona kwamba ujumbe mwingi wa siku ya kwanza unastahili kikapu cha tatu. Juma linalofuata warudie vikapu na kuona nini kimehama.

Zoezi la tatu ni habari moja, midomo mitatu. Chagueni tukio moja lililokwisha kupita. Someni namna lilivyosemwa na redio, na upande mmoja wa vita, na upande wa pili. Pigeni mstari chini ya mambo ambayo wote wanakubaliana, kama mahali na siku. Zungusheni yale wanayopingana, kama idadi ya waliokufa na nani alianza. Vijana wataona kwamba hata watu wanaogombana huwa na sehemu wanayokubaliana, na sehemu hiyo ndiyo mahali pa kuanzia.

Zoezi la nne ni kurudi nyuma kwenye njia ya ujumbe. Kijana amuulize aliyemtumia: "Umeupata kwa nani?" Kisha amuulize huyo naye. Aende nyuma kadiri awezavyo. Mara nyingi njia inakatika kwa mtu wa pili au wa tatu anayejibu, "Niliuona tu katika kundi." Kijana aliyefanya hivyo mara moja kwa mikono yake mwenyewe hasahau.

Tunawaonya walimu juu ya jambo moja. Msichague kila mara mifano inayoonyesha kwamba upande mmoja tu, au kabila moja tu, ndio wasema uongo. Vijana wataiona hila hiyo, na somo lote litakuwa propaganda nyingine. Leteni pia mifano ambayo uongo ulipendeza upande wetu, na mifano ambayo habari iliyotiliwa mashaka ilikuja kuonekana kuwa ya kweli.

Kijana na wakubwa wake

Tuseme wazi: ujumbe mwingi wa uongo katika makundi ya familia na ya kanisa hautumwi na vijana. Unatumwa na sisi wazazi, wazee wa kanisa na hata wachungaji. Unaaminiwa kwa sababu sisi ndio tuliotuma. Mama wa kanisa akituma dawa ya mitishamba ya kuponya ugonjwa fulani, watu mia mbili wanaipokea kama neno la mama, si kama uvumi.

Basi kijana afanye nini baba yake anapotuma habari ya mashaka? Mila yetu haimruhusu kumwaibisha mbele ya kundi, na ni vema hivyo. Lakini anaweza kumwendea kando na kusema, "Papa, nimesikiliza ule ujumbe. Anayesema hajataja jina lake wala mahali alipo. Tungoje kwanza?" Hayo ni maneno ya heshima. Mzazi anayejibu "Wewe mtoto unajua nini?" amemfundisha somo jingine: kwamba ukweli ni mali ya mwenye umri. Mzazi anayejibu "Ahsante, mwanangu, tuulize pamoja" amefundisha zaidi ya makala hii yote.

Na ikigundulika kwamba ulichotuma si kweli, kufuta kimyakimya hakutoshi, kwa sababu wengine wamekwisha kukipeleka mbele. Rudi katika kundi lilelile, useme kwa maneno machache: habari ile haikuwa sahihi, tafadhali msiitume. Hata sheria ya nchi inalijua jambo hili. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ile inayoitwa Code du numérique, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu katika mitandao, na inamwadhibu vilevile anayeisambaza. "Mimi nilitumiwa tu" si kinga mbele ya sheria.

Pale kuuliza kunapoweza kuleta hatari

Tunaishi mahali ambapo swali moja kwenye simu linaweza kumgharimu mtu. Kwa hiyo vijana waelekezwe mipaka. Wasipige picha askari wala wenye silaha ili kuhakikisha habari. Wasimpigie ndugu aliye katika eneo la mapigano na kumuuliza nani anapiga risasi au magari yao yako wapi. Wamuulize tu kama yuko salama. Wasihifadhi katika simu video za mauaji kama ushahidi, kwa maana simu zinakaguliwa njiani. Habari ambayo haiwezi kupimwa bila kuhatarisha maisha ibaki katika kikapu cha tatu.

Kuna pia hatari ya moyo. Kijana anayetazama maiti kila siku kwa kusudi la kujua ukweli anaumia, hata kama hasemi. Mwalimu asitumie picha za namna hiyo katika somo. Na kijana ajue kwamba ana ruhusa ya kufunga simu usiku, na kumwendea mchungaji, mama au yaya wake na kumwambia alichoona.

"Bado sijui"

Kama somo hili lote likisahauliwa, tungependa libaki neno moja dogo midomoni mwa vijana: "Bado sijui." Watu hulionea haya neno hili. Katika kundi la rafiki, anayejua kwanza ndiye anayesikilizwa, na asiyejua anaonekana amebaki nyuma. Lakini wakati wa Ebola, kama watu wengi zaidi wangesema "bado sijui, nitamuuliza muuguzi wa kituo chetu," baadhi ya waliozikwa wangekuwa nasi leo.

Viongozi wa vijana, msingoje semina. Jumapili hii waombeni vijana watano waje na ujumbe mmoja mmoja waliopokea katika juma, andikeni vikapu vitatu ubaoni, na mwanze. Wazazi na wazee wa kanisa wakaribishwe pia, nao walete ujumbe wao.